Vinara wa rangi ya kiini: rekodi za mimea na ndege, kuanzia Makutupora hadi Ziwa Natron

Mnunuzi wa mayai ana kipimo kimoja asichokiacha: anavunja yai na kutazama kiini. Kikiwa cha njano iliyokolea, anasema hili ni la kienyeji na yuko tayari kuongeza bei. Kikiwa kimepauka, anasema la kisasa hilo, halina kitu. Kipimo hicho kina ukweli, lakini nusu tu. Kuku yeyote, awe wa kienyeji, chotara au wa kisasa, hana uwezo wa kutengeneza rangi ya kiini mwilini mwake. Yote anaipata kwenye mmea. Kuku wa kisasa akipewa majani mabichi atataga kiini cha njano. Wa kienyeji akifungiwa bandani na pumba za mahindi meupe, kiini chake kitapauka baada ya wiki mbili hivi.

Rangi zinazofanya kazi hiyo zinaitwa karotenoidi, na katika ukoo huo zinazokaa kwenye kiini ni zile za tawi la zanthofili, hasa luteini na zeazanthini. Tumekusanya hapa vinara wa habari za rangi hizo: mmea wenye rangi nyingi kuliko yote, rangi inayodanganya kuliko zote, ndege aliyepakwa rangi na chakula chake kuliko ndege wote, na adui mkubwa kuliko wote. Tunaanzia Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, upande wa barabara iendayo Kondoa. Si ile Makutupora ya Manyoni ambako kipande cha reli ya kisasa kinachoanzia Morogoro kinaishia.

Rangi iliyo nyingi kuliko zote Makutupora: ganda la zabibu

Makutupora ndiko kiliko kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, kinachoshughulikia zabibu, na jina la mahali hapa limepewa aina ya zabibu inayojulikana mkoa mzima: Makutupora Nyekundu. Dodoma ni miongoni mwa sehemu chache duniani ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena karibu na Agosti na Septemba. Kwa hiyo viwanda vya mvinyo navyo hukamua mara mbili, na kila mara hubaki machicha: maganda, mbegu na vikonyo. Machicha hayo ni karibu robo ya uzito wa zabibu zilizoingia kiwandani.

Chukua punje moja ya zabibu nyekundu iliyoiva, uiminye kati ya vidole viwili. Nyama inayotoka haina rangi ya kutaja. Wekundu wote umebaki kwenye ganda, na kidole kikishika ganda hilo kinabaki na doa la zambarau. Rangi hiyo ni anthosianini, na huyeyuka kwenye maji. Kiini cha yai hubeba rangi zinazoyeyuka kwenye mafuta. Ndiyo maana mfugaji anayetegemea machicha ya zabibu yamgeuzie kiini kuwa chekundu atasubiri bila mafanikio.

Hata hivyo kazi ya ganda hilo ipo, na iko upande wa afya. Watafiti wa Hispania waliochapisha matokeo yao mwaka 2007 na 2008 waliwalisha kuku wa nyama machicha ya zabibu kwa kiwango cha hadi gramu 60 katika kila kilo ya chakula. Kuku hao hawakudumaa, na nyama yao ilistahimili kuoza kwa mafuta, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na vitamini E ya kununua. Kinachofanya hivyo ni anthosianini pamoja na polifenoli nyingine za kwenye mbegu na ganda. Mfugaji wa Dodoma mwenye kuku wa nyama ana sababu ya kuulizia machicha hayo. Sharti ni moja: yakaushwe siku hiyohiyo, kwa sababu machicha mabichi huota ukungu haraka.

Mmea wenye zanthofili nyingi kuliko yote sokoni: ua la marigoldi

Katika biashara ya chakula cha kuku duniani hakuna mmea uliofikia marigoldi, ua la njano au la machungwa ambalo asili yake ni Meksiko na ambalo sasa hulimwa zaidi India na China. Petali zake zilizokaushwa na kusagwa huwa na zanthofili kati ya miligramu 6,000 na 10,000 kwa kilo. Mahindi ya njano yana takriban miligramu 20 kwa kilo. Ukichukua wastani wa 8,000, kilo moja ya unga wa petali hizo ina rangi sawa na kilo 400 za mahindi ya njano.

Viwanda vikubwa huikamua rangi hiyo na kuiuza kama unga wa kuchanganya kwenye chakula. Mfugaji mdogo hahitaji kiwanda. Ua hili humea vizuri kwenye bustani yenye maji kidogo, petali huchumwa, hukaushwa kivulini na kusagwa kwa kinu cha kawaida. Anayepanda mstari mmoja pembeni mwa bustani ya mboga anaweza kulisha kuku wake wachache wa mayai kwa muda mrefu.

Nafaka bingwa, na nafaka zinazoshika mkia

Miongoni mwa nafaka, bingwa ni mahindi ya njano. Bahati mbaya kwa kuku wetu, Watanzania wengi hatuyapendi. Waliokuwapo miaka ya njaa ya 1970 na 1980 wanaukumbuka unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na kumbukumbu hiyo haikuyaletea mahindi hayo heshima mezani. Mahindi tunayolima kwa ugali ni meupe, na mahindi meupe karibu hayana zanthofili kabisa. Pumba tunazowapa kuku zinatoka humohumo.

Uwanda wa kati una mzigo wa ziada. Mazao yake ya kustahimili ukame ni mtama na uwele, na yote mawili yana rangi kidogo mno ya kupeleka kwenye kiini. Mashudu ya alizeti ya Singida na Dodoma ni chakula kizuri cha protini, lakini nayo hayaleti njano. Ndiyo sababu yai la kuku aliyefungiwa katika uwanda wa kati, akila pumba, mtama na mashudu, hutoka limepauka. Kuku hana kosa, na chakula kina nguvu ya kutosha. Kilichokosekana ni jani.

Rangi inayodanganya kuliko zote: wekundu wa mtama

Mtama mwekundu ukiuona kwenye gunia unavutia, na wako wanaoamini kuwa wekundu wake utaingia kwenye yai. Hauingii. Rangi yake ni ya ukoo wa anthosianini, haiyeyuki kwenye mafuta. Baya zaidi, aina nyingi za mtama mwekundu wenye uchungu zina tanini, ambayo huishika protini ya chakula tumboni ili isimeng'enywe vizuri. Kuku anakula sana na kukua kidogo. Kwa kuku, aina nyeupe kama Macia na Tegemeo ni salama zaidi, kwa sababu tanini yake si ya kuleta shida. Mtama mweupe utamnenepesha, na njano tutaitafuta kwingine.

Jani lenye nguvu kuliko mengi: mlusina

Kwingine huko ni kwenye majani. Lusini (alfalfa) iliyokaushwa, ambayo Ulaya na Marekani ilitumika kwa miaka mingi kuwapa kuku rangi, ina zanthofili za mamia ya miligramu kwa kilo. Majani ya mlusina, mti unaojulikana sana na wafugaji wa mbuzi na ng'ombe, yamepimwa na kukutwa na zaidi ya miligramu 740 kwa kilo ya majani makavu. Mwaka 1978 matokeo ya kuwalisha vifaranga unga wa majani ya mlusina kutoka Malawi yalichapishwa kwenye majarida ya kitaalamu, na nchi za Asia ya Kusini-Mashariki ziliwahi kuufanya bidhaa ya kusafirisha nje.

Mlusina una sharti lake, nalo lazima lifuatwe. Majani yake yana mimosini, sumu inayodumaza kuku ikizidi. Unga wa mlusina usizidi kilo 5 katika kila kilo 100 za chakula. Mlonge hauna sumu hiyo, una protini nzuri na rangi ya kutosha, na kwa mfugaji anayeanza ndio wa kuutegemea. Mchicha, majani ya kunde na matembele nayo yana luteini. Chochote chenye kijani kibichi kilichokolea kina njano ndani yake. Ukijani wa jani huifunika njano hiyo, na kuku anapolimeng'enya jani njano ndiyo inayokwenda kwenye yai.

Tofauti kubwa kuliko zote ndani ya banda moja: masika na kiangazi

Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Katika miezi hiyo kuku wa kienyeji anayezurura hula mlenda pori, majani machanga na wadudu waliokula majani, na kiini chake hukolea kama manjano. Ifikapo Agosti ardhi ni kavu, hakuna kijani chini ya mdomo wake, na kuku yuleyule wa nyumba ileile hutaga kiini kilichopauka.

Makutupora ina nafasi yake ya pekee katika hadithi ya ukame huo. Bonde lake la visima ndilo lililobeba jiji la Dodoma kwa miongo mingi, na vipimo vya kina cha maji yake ya ardhini vilivyotunzwa tangu katikati ya miaka ya 1950 vilichapishwa mwaka 2013 vikiwa ndiyo kumbukumbu ndefu kuliko zote zilizojulikana katika nchi za tropiki: miaka 55. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba maji ya bonde hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, na kwamba miaka mingi kati yake hupita bila kuongeza kitu cha maana. Mfugaji ana la kujifunza hapo. Wakati wa neema ni mfupi, na anayeutumia kuweka akiba ndiye anayevuka. Majani ya Februari yakikaushwa vizuri ndiyo njano ya Septemba.

Rangi kali kuliko zote, ambayo kuku haihisi: pilipili nyekundu

Njano peke yake ina kikomo. Kwenye kipimo cha rangi ya kiini kinachotumiwa na viwanda, kilichoanza na kampuni ya Roche kikiwa na vipande 15 kuanzia njano hafifu hadi rangi ya machungwa iliyokolea, zanthofili za njano hufika karibu na 10 na kukwama. Ili kupanda juu zaidi inahitajika nyekundu, na nyekundu bora ya asili ni kapsanthini ya pilipili.

Mfugaji huogopa kwamba pilipili itamchoma kuku. Haimchomi. Mwaka 2002 Sven-Eric Jordt na David Julius walichapisha utafiti uliolinganisha kipokezi cha neva kinachohisi ukali wa pilipili kwa mamalia na kile cha kuku. Cha kuku hakiitikii ukali huo. Julius alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021 kwa kazi yake juu ya kipokezi hichohicho. Hata Pepper X, iliyotangazwa mwaka 2023 kuwa pilipili kali kuliko zote duniani kwa wastani wa Scoville 2,693,000, kuku angeidonoa kama punje ya mtama. Ndege ndio wasambazaji wa mbegu za pilipili porini, kwa hiyo mmea haukuwa na sababu ya kuwachoma. Wa kujihadhari ni binadamu anayeisaga: afunge kitambaa puani na asijiguse macho.

Rangi kongwe ya pwani: mzingefuri

Kwale, pwani ya Kenya, wakulima wana mti wa mzingefuri, wengine wakiuita mrangi, wenye vitumba vya miba laini na mbegu zilizofunikwa na utando mwekundu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini Kenya imekuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbegu hizo duniani, pamoja na Peru na Brazil. Rangi yake, biksini, hutumika kwenye siagi, jibini na vipodozi. Biksini ni karotenoidi, hivyo huyeyuka kwenye mafuta, na Brazil mbegu zake husagwa na kuchanganywa kwenye chakula cha kuku wa mayai ili kuongeza wekundu wa kiini. Kwa wafugaji wa Tanga, Unguja na Pemba, ambao mti huu haungewapa shida kuupanda, hiyo ni njia ya nyekundu isiyohitaji barakoa ya pilipili.

Chenye rangi nyingi na kinachofika kidogo: kiazi lishe

Kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya machungwa kilimpa Robert Mwanga wa Uganda, pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis, Tuzo ya Chakula ya Dunia ya mwaka 2016, kwa sababu ya vitamini A kinayowapa watoto. Rangi yake ni beta-karotini. Ukimlisha kuku kiazi hicho au karoti utategemea kiini kama chungwa, na utakuta mabadiliko madogo. Mwili wa kuku hupenda kuigeuza beta-karotini kuwa vitamini A kabla haijafika kwenye yai. Rangi imepotea, lakini faida haikupotea: vitamini A hulinda macho, ngozi na njia ya hewa ya kuku. Maganda na majani ya kiazi lishe yasitupwe. Majani yake, matembele, yana luteini, na hiyo ndiyo itakayoonekana kwenye kiini.

Ndege aliyepakwa rangi na chakula chake kuliko wote: heroe mdogo

Kutoka Dodoma hadi Singida ni kilomita 240 hivi, na mjini Singida kuna maziwa mawili ya magadi, Singidani na Kindai, ambako heroe, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita flamingo, huonekana wakichuja maji kwa midomo iliyopinda. Chakula cha heroe mdogo ni spirulina, kiumbe kidogo cha kijani-buluu kinachostawi kwenye maji ya magadi na kilichojaa karotenoidi. Mwili wake huzibadilisha na kuzipeleka kwenye manyoya, na ndege aliyeanguliwa akiwa wa kijivu huwa wa waridi. Robo tatu hivi ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa sehemu moja: Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania.

Heroe mzazi humlisha kinda maziwa ya koo yenye wekundu wa kantazanthini, na mwenyewe anaweza kupauka msimu wa kulea, kwa sababu rangi yake inahamia kwa mtoto. Walinzi wa bustani za wanyama Ulaya walijifunza kwa kuona: heroe wao waligeuka weupe mpaka rangi ilipoongezwa kwenye chakula. Spirulina ileile sasa huuzwa duniani kama kirutubisho cha watu na mifugo, na majaribio mengi yameonyesha kuwa hukipa kiini cha yai la kuku wekundu mzuri. Chanzo cha rangi hiyo kiko kwenye maziwa yetu ya magadi, na kukitunza ni kuulinda uhai wa heroe pia.

Kuku aliyetaga mengi kuliko wote, na daftari lililo miguuni

Mwaka 1979 kuku mweupe wa aina ya Leghorn katika Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, alimaliza jaribio rasmi akiwa ametaga mayai 371 katika siku 364. Kuku wa namna hiyo hutumia rangi nyingi sana, na rangi ya chakula isipotosha anaichukua kwenye mwili wake.

Kwa kuku wenye ngozi ya njano, mfugaji anaweza kusoma jambo hilo kwa macho. Akianza kutaga, njano hutoka kwanza kwenye mzunguko wa tundu la kutagia, kisha kwenye pete ya jicho, kwenye ndewe, kwenye mdomo kuanzia shinani kwenda nchani, na mwisho kwenye miguu. Akiacha kutaga, njano hurudi kwa mpangilio uleule. Ukimshika kuku mwenye mdomo mweupe na miguu iliyopauka, umemshika mtagaji mzuri, hata kama anaonekana amechoka. Mwenye miguu ya njano inayong'aa katikati ya msimu wa mayai ndiye wa kuuzwa.

Daftari hili halisomeki kwa kuku wenye ngozi nyeupe, na sababu ni ya kurithi. Watafiti walionyesha mwaka 2008 kwamba kuku wa ngozi nyeupe wana kimeng'enya kinachozivunja karotenoidi ngozini, na kwamba ngozi ya njano ilitoka kwa kuku pori wa kijivu wa India, nje ya ukoo wa kuku pori mwekundu tuliyezoea kumtaja kuwa babu wa kuku wote.

Jaribio lililotenganisha rangi na afya: Missouri, 1919

Chuo hichohicho cha Missouri ndicho alikofanya kazi Leroy Palmer. Yeye na Harry Kempster waliwalea kuku kwa chakula kisicho na karotenoidi karibu kabisa, wakiwapa ini la nguruwe ili wapate kile ambacho baadaye kilijulikana kuwa vitamini A. Kuku walikua na wakataga mayai yenye viini visivyo na rangi, na mayai hayo yalianguliwa. Walichapisha mwaka 1919.

Tunatakiwa kuliheshimu jaribio hilo tunapomsifia mteja kiini cha njano. Kiini kilichopauka kinaweza kuwa na protini na mafuta sawa na cha njano ikiwa kuku alipata vitamini zake. Njano huongeza luteini na zeazanthini, ambazo jicho la binadamu huzihifadhi sehemu ya katikati ya retina, na huonyesha kuwa kuku alikula jani. Hiyo ni faida ya kweli, na inatosha bila kutiwa chumvi.

Adui mkubwa kuliko wote wa rangi: sumukuvu

Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 20 kati ya 68 waliougua katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ukungu unaoitengeneza hupenda joto na nafaka isiyokauka vizuri, na nafaka iliyooza ambayo mama amekataa kuipika mara nyingi humwagiwa kuku.

Watafiti wa Marekani walionyesha miaka ya 1980 kwamba sumukuvu huharibu njia ambayo mwili wa kuku hutumia kunyonya na kusafirisha karotenoidi. Kuku anakula rangi lakini haifiki popote: miguu inapauka, viini vinapauka, na ini linaumia kimyakimya. Kuhara damu kunakoletwa na koksidia hufanya vivyo hivyo kwa kuharibu utumbo, na minyoo pia. Basi kiini kikipauka ghafla wakati chakula hakijabadilika, usikimbilie kuongeza pilipili. Kagua mahindi, kagua kinyesi, na umwite mtaalamu wa mifugo.

Rangi pia haizuii mdondo. Kuku mwenye kiini kizuri kuliko wote kijijini atakufa na mdondo kama hajachanjwa. Chanjo ya I-2 hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, hutolewa kwa tone la jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Tone hilo halina mbadala.

Aibu kubwa kuliko zote: mayai mekundu ya 2006

Novemba 2006 mamlaka za China ziligundua mayai ya bata yenye viini vyekundu yaliyokuwa yakiuzwa Beijing kwa bei ya juu, yakisifiwa kuwa ya bata waliokula samaki na kamba. Bata hao walikuwa wamelishwa Sudan IV, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa kwenye chakula kwa sababu ya hofu ya saratani. Ulaya nayo, mwaka 2003, ilikuwa imepunguza kiwango cha kantazanthini ya kutengenezwa maabara katika chakula cha kuku wa mayai hadi miligramu 8 kwa kilo, baada ya kuthibitika kuwa ikizidi huacha chembe kwenye jicho la mlaji.

Pale mteja anapolipa zaidi kwa rangi, mtu asiye na huruma atatafuta rangi ya bei rahisi. Mfugaji wa kwetu asikubali kuuziwa unga wa rangi usio na jina wala maelezo. Majani hayana siri hiyo.

La kufanya msimu huu

Chuma majani ya mlonge, mchicha au kunde asubuhi, wakati mvua bado ipo. Yatandaze kivulini, juu ya chaga au mkeka safi, unene usiozidi vidole viwili, uyageuze kila siku. Jua kali huiua rangi: jani lililokaushwa juani hubaki kahawia, la kivulini hubaki kijani, na likisuguliwa kati ya viganja huvunjika bila kunyumbuka. Saga, fungia kwenye gunia lisilopitisha mwanga, weka mahali pakavu. Changanya kilo 5 katika kila kilo 100 za chakula. Kiini hujengwa tabaka kwa tabaka kwa siku kama kumi, kwa hiyo mabadiliko yataanza kuonekana baada ya siku tatu au nne na kukamilika katika wiki mbili. Ukitaka wekundu, ongeza pilipili nyekundu kidogo iliyosagwa. Mwenye kuku wa nyama aulizie machicha ya zabibu yaliyokauka.

Uwanda wa kati unalima zabibu, mlonge unamea na mvua inanyesha miezi michache. Hakuna mfugaji wa Dodoma anayelazimika kununua njano kwenye kopo. Kausheni majani kabla ya Aprili kwisha, chanjeni kuku wenu, na mteja akivunja yai mbele yenu mwezi Septemba, mwambieni ukweli wa kilichomo.